Bega la Mkulima wa Hanang Lisisubiri Safari ya Dar

Piga picha ya X-ray ya bega la mtu aliyeburutwa na ng'ombe wa plau huko Endasak, au aliyeanguka na bodaboda kwenye makorongo ya njia ya Dongobesh, na mara nyingi picha itatoka safi. Mfupa haujavunjika, bega halijachomoka. Mgonjwa atapewa vidonge vya diklofenaki, ataambiwa apumzike wiki mbili, naye ataondoka kituoni akimshukuru Mungu kwamba hakuvunjika. Mwezi ukipita maumivu yamepungua, lakini mkono haupandi. Akitaka kutundika koti ukutani inabidi aunyanyue mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kilichokatika ni kano, na kano haionekani kwenye X-ray.

Hakuna kiungo mwilini kinachozunguka kwa uhuru kama bega, na uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, bakuli linalokipokea ni dogo tena lina kina kifupi. Kinachokiweka mahali pake ni kano nne bapa zinazotoka kwenye misuli ya kombe la bega na kukifunika mbele, juu na nyuma. Ya juu ndiyo huchanika zaidi. Ikishang'oka, msuli wake huivuta mbali na pale ilipokuwa imeshika, na msuli uliokosa kazi hunywea, kisha huanza kujaa mafuta. Mwaka 1994 daktari Mfaransa Daniel Goutallier na wenzake walitoa kipimo cha mafuta hayo, kuanzia daraja la 0 hadi la 4, na hadi leo madaktari wa mabega wanakitumia. Kwenye daraja la 3 mafuta yamelingana na nyama. Hapo daktari anaweza kushona kano akaifikisha kwenye mfupa, lakini msuli hautarudi kuwa msuli ule wa zamani.

Kwa hiyo nikisikia watu wakizungumzia matibabu ya bega kama habari ya mashine za bei kubwa za Ulaya, mimi huiona kwanza kama habari ya muda. Bega lililochanwa na ajali linapaswa kutambuliwa ndani ya wiki chache na kushonwa ndani ya miezi michache. Katika wilaya za Mbulu na Hanang miezi hiyo huisha mgonjwa akiwa bado anachuliwa kwa mafuta ya ng'ombe, au akizunguka kati ya zahanati na duka la dawa, au akisubiri mavuno yauzwe apate nauli. Msimamo wangu ni kwamba huduma ya bega ianzie zahanati na imalizikie chumba cha upasuaji cha Hospitali ya Haydom, hukohuko Manyara, na kwamba hata upasuaji mgumu wa kuimarisha kano kwa kipandikizi unaweza kufanyika kule, mradi tuchague kipandikizi kinachotufaa.

Tazama kazi za watu wa huku. Mtu wa Basotu hupakia magunia ya vitunguu kwenye fuso tangu alfajiri. Kwenye miinuko ya Mbulu kitunguu saumu hulimwa kwa jembe la mkono katika mashamba yaliyoinama, na mama anayekilima ndiye huyohuyo anayeteka maji na kupasua kuni. Vijana wa Kidatoga hushindana nguvu na ndama wa kuogeshwa. Kote huko mkono hunyanyuliwa juu ya kichwa, huvutwa ghafla au hubeba uzito mbali na mwili, na hivyo ndivyo kano ya juu ya bega inavyochoka. Ajali huja kumalizia tu.

Tena kuna yale ya tarehe 3 Desemba 2023, pale matope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh, Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walikufa na wengine zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Katika siku kama hiyo daktari hutafuta kinachoua: damu, kifua, fuvu, mfupa uliotoka nje. Hafanyi kosa, ndivyo inavyotakiwa. Lakini mtu aliyevutwa kwa mkono kutoka kwenye matope, au aliyejishikiza kwenye nguzo maji yakimvuta, ana kila sababu ya kuchanika kano za bega, na jeraha hilo halitoi damu. Waliookoka walistahili kuitwa tena baada ya mwezi mmoja na kuulizwa swali dogo: unaweza kunyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa?

Hapa nisieleweke kwamba kila bega linalouma lipelekwe kwenye kisu. Mwaka 1999 madaktari wa Ujerumani waliwapima kwa ultrasaundi watu 411 wasio na malalamiko yoyote ya bega. Asilimia 23 walikuwa na kano zilizochanika kabisa, na kwa waliovuka miaka 80 ilikuwa asilimia 51. Babu anayeishi vizuri na kano iliyoliwa na umri hahitaji daktari wa upasuaji. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 452 waliochanika kano bila ajali na kupewa mazoezi ya viungo. Miaka miwili baadaye chini ya robo yao ndio walioishia kufanyiwa upasuaji. Mazoezi hayo hayahitaji umeme. Yanahitaji mtaalamu wa fiziotherapia wa kuyafundisha, kamba au fimbo, na mgonjwa anayerudi kuonyesha maendeleo. Hospitali ya KCMC pale Moshi ina shule inayofundisha wataalamu hao kwa miaka mingi. Kuwapangia kazi Katesh, Dongobesh na Mbulu mjini ni uamuzi wa ajira, na kati ya yote ninayoyaomba hapa huu ndio utakaowafikia wagonjwa wengi zaidi.

Na si kila bega linalouma limechanika. Mwenye kisukari anaweza kukakamaa bega bila kuanguka popote. Mfugaji mwenye maumivu ya viungo, homa zinazokuja na kuondoka na jasho la usiku apimwe bruselosisi kabla ya yote, hasa kama anakunywa maziwa mabichi au amezalisha ng'ombe aliyetupa mimba. Itakuwa aibu kumfanyia fiziotherapia ya miezi sita mtu aliyehitaji dawa za kuua vijidudu.

Lakini kundi ninalolitetea lipo na linajulikana: mtu wa miaka arobaini au hamsini ambaye bega lake lilikuwa zima hadi siku ya ajali, na siku iliyofuata mkono haukupanda. Huyu mazoezi peke yake huenda yasimtoshe. Wanorwe, ambao historia yao na Haydom ni ndefu, walifanya utafiti kwao na kuufuatilia kwa miaka kumi, wakilinganisha kushona na mazoezi kwa wagonjwa 103 waliokuwa na michaniko midogo na ya kati. Mwanzoni tofauti ilikuwa ndogo. Kadiri miaka ilivyopita waliofanyiwa upasuaji walizidi kuwa bora, na takriban robo ya walioanza na mazoezi walilazimika kushonwa baadaye. Mkulima hahesabu bega lake kwa mwaka mmoja. Analihitaji hadi watoto wamalize shule.

Upasuaji wenyewe ni wa siku nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ernest Codman wa Boston alieleza kushona kano ya bega mwaka 1911. Njia ya asili ni kutoboa matundu madogo kwenye mfupa, kupitisha nyuzi imara na kuifunga kano mahali ilipong'oka. Siku hizi hospitali tajiri hutumia kamera inayopita kwenye tundu dogo na parafujo ndogo zenye nyuzi, na kila parafujo moja ina bei yake. Lakini njia ya matundu ya mfupa haijafa. Inafanyika kwa mchano mfupi, kwa drili na nyuzi ambazo chumba cha upasuaji wa mifupa kinaweza kuwa nazo, na kwa mchaniko wa kawaida uliowahiwa inatosha kabisa.

Shida inaanza kwa mchaniko mkubwa. Mwaka 2004 Leesa Galatz na wenzake huko Marekani waliwarudia wagonjwa 18 walioshonwa michaniko mikubwa kwa kamera, wakawapima kwa ultrasaundi. Kano 17 kati ya 18 zilikuwa zimechanika tena. Wengi wao walikuwa wamepata nafuu ya maumivu, na hilo si dogo, ila kano haikuwa imepona. Sababu si uzi. Kano iliyokaa muda mrefu bila kazi ni kama kitambaa kilichooza: uzi mpya unashika vizuri, kitambaa ndicho kinachochanika pembeni ya mshono.

Ndipo lilipozaliwa wazo la kipandikizi, yaani kuweka juu ya kano iliyoshonwa tabaka la tishu nyingine, likashonewa kwenye kano upande mmoja na kwenye mfupa upande wa pili, ili libebe sehemu ya uzito wakati kano inashika na baadaye liwe njia ya chembe hai za mwili kujijengea. Wazo ni zuri. Historia yake inatufundisha kutokimbilia. Vipandikizi vya kwanza kupata umaarufu vilitengenezwa kwa ukuta wa utumbo wa nguruwe. Mwaka 2006 Joseph Iannotti na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 30: kati ya 15 waliowekewa kipandikizi hicho, kano 4 tu zilipona, kati ya 15 walioshonwa bila kipandikizi, zilipona 9. Kitu kilichouzwa kama msaada kilikuwa hakisaidii, na baadhi ya wagonjwa mabega yao yalivimba kwa kukikataa.

Kisha ikaja ngozi ya binadamu aliyefariki, iliyosafishwa hadi chembe hai zote zikaisha ikabaki nyavu ya protini. Hiyo imefanya vizuri zaidi. Jaribio la Alan Barber na wenzake la mwaka 2012, kwa michaniko mikubwa ya kano mbili, lilionyesha asilimia 85 ya kano zilizoimarishwa zikiwa nzima, dhidi ya asilimia 40 za zilizoshonwa peke yake. Ni tofauti kubwa, na siwezi kuidharau kwa kuwa tu imetoka mbali. Ila kipande kimoja cha ngozi hiyo Marekani kinaweza kugharimu maelfu ya dola, na hutengenezwa katika nchi zenye benki za tishu.

Njia ya tatu ndiyo inayonivutia. Pembeni ya paja kila mtu ana utando mweupe mgumu unaotoka nyongani hadi gotini. Kipande chake kinaweza kukatwa, kikakunjwa na kutumika begani, na mwili haukikatai kwa sababu ni wa mwenyewe. Daktari Mjapani Teruhisa Mihata aliutumia kwa mabega ambayo kano zake zilikuwa zimerudi nyuma kiasi cha kutoshoneka: aliushikiza utando huo kati ya bakuli la bega na kichwa cha mfupa wa mkono, uzuie kichwa hicho kisipande juu. Mwaka 2013 aliripoti mabega 24. Kabla ya upasuaji wagonjwa waliweza kunyanyua mkono kwa wastani wa nyuzi 84, ambazo hata usawa wa bega hazifiki. Baadaye walifika nyuzi 148, mkono ukiwa juu ya kichwa. Mabega 20 kati ya 24 hayakuchanika tena. Hii haikuwa kazi ya mwanafunzi. Mihata ni fundi, na paja huuma kwa wiki kadhaa. Lakini kipandikizi chake hakikuagizwa popote, hakikukaa kwenye friji, hakikulipiwa ushuru wa forodha. Kwa hospitali iliyo kwenye nyanda za juu za Mbulu, hilo linabadilisha hesabu yote. Ipo pia kano ya msuli wa mbele wa mkono, ile inayopita juu ya bega na mara nyingi huwa tayari imeharibika katika mchaniko mkubwa. Daktari anaweza kuikata na kuitumia papo hapo kuimarisha mshono.

Kuchagua tishu ya mgonjwa mwenyewe kuna faida nyingine ambayo vitabu vya upasuaji havisemi sana. Muislamu wa Katesh ana haki ya kuambiwa kabla ya nusu kaputi kwamba kipandikizi kimetoka kwa nguruwe, na Msabato naye vilevile. Miongoni mwa Wadatoga mzee wa heshima huzikwa kwa bung'eda, kilima cha udongo kinachojengwa kwa miezi na ukoo mzima. Katika jamii inayomheshimu marehemu kiasi hicho, huwezi kuweka ngozi ya maiti ndani ya bega la mtu bila kumweleza na kumwachia nafasi ya kuuliza wazee wake. Wapo watakaokubali. Aulizwe kwa Kiiraqw, kwa Kidatoga au kwa Kiswahili anachokielewa, asiulizwe kwa fomu.

Haydom inaweza? Hospitali ile ya Kilutheri ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1955, na leo iko chini ya Dayosisi ya Mbulu ya KKKT. Watu huja kutoka Manyara, Singida na mwambao wa Ziwa Eyasi. Sizungumzii kituo kinachojifunza kufunga bandeji. Mfano wenye nguvu kuliko wote unatoka wodi ya wazazi. Wakunga wa Haydom walianza kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara ya kumsaidia mtoto asiyelia baada ya kuzaliwa, kwa kutumia mdoli, palepale kazini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 na Estomih Mduma na wenzake yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hakukujengwa jengo jipya. Watu walewale, mikono ileile, mazoezi ya dakika chache yasiyokatika.

Njia hiyohiyo inafaa begani. Tabibu wa zahanati anaweza kufundishwa kwa mchana mmoja namna ya kumnyanyua mgonjwa mkono kwa upande, kumwambia aushikilie, kisha kuuachia. Mkono ukianguka, kano ya juu inatiliwa shaka. Kisha amzungushe mgonjwa mkono kwa nje, kiwiko kikiwa kimekunjwa, na kuuachia. Ukirudi wenyewe ndani, kano ya nyuma nayo ina mashaka. Majaribio haya hayana gharama. Hatua inayofuata ni ultrasaundi. Mashine ya kupimia wajawazito inaweza kutumika ikiongezewa kichwa bapa cha mawimbi ya juu, maana kile cha mimba hakioni vizuri kitu kilicho karibu na ngozi. Bila shaka MRI ni bora kwa kupima mafuta kwenye msuli, lakini kusubiri MRI ndiyo njia ya uhakika ya kufikia daraja la 3.

Najua watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba wilaya ambazo mama mjamzito bado hubebwa kwa pikipiki kwenye matope hazina nafasi ya kufikiria kano za bega. Sikubali kwamba moja linanyang'anya lingine. Mama huyohuyo ana bega. Daktari wa upasuaji wa mifupa anayewekwa karibu kwa ajili ya mapaja yaliyovunjika kwa bodaboda ndiye atakayeshona kano, na wataalamu wa usingizi ni walewale wa upasuaji wa uzazi. Na mkulima asiyeweza kuinua jembe huanza kuuza mifugo, kisha shamba, kisha mtoto mkubwa anaacha shule kushika plau. Hilo nalo ni afya ya uzazi na ya watoto, hata kama halionekani kwenye takwimu za wodi ya wazazi.

Wengine watasema wapo MOI, Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, yenye mabingwa wa mabega na kamera. Ni kweli, na wabaki kuwa walimu. Lakini hesabu ya mgonjwa wa Hanang anayepelekwa Muhimbili haiishii kwenye basi la Katesh hadi Dar es Salaam. Baada ya kushonwa mkono hukaa kwenye kombeo kwa takriban wiki sita. Kisha mwezi na nusu mwingine wa kunyanyua kwa msaada tu, na miezi kadhaa ya kuimarisha. Kila hatua inahitaji mtu wa kuangalia. Mgonjwa akirudi nyumbani bila fiziotherapia, kile kilichoshonwa kwa ustadi Dar huchanika kwenye kisima cha kijijini. Afadhali bingwa apande yeye, mara mbili tatu kwa mwaka, ashone pamoja na madaktari wa Haydom hadi mikono yao izoee, kuliko wagonjwa kushuka mmoja mmoja. Serikali tayari imeonyesha kwamba mabingwa wanaweza kutumwa hadi ngazi ya halmashauri, kwa kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia zilizoanza mwaka 2024. Naomba kambi za Manyara ziwe na mtu wa mifupa na siku ya mabega. Na wanaoandaa kitita cha Bima ya Afya kwa Wote, sheria iliyopitishwa mwaka 2023, wahesabu kushona kano na mazoezi yake kama tiba moja isiyotenganishwa. Bima inayolipa uzi ikaacha mazoezi inatupa fedha.

Limebaki la msimu. Mvua za huku huanza Novemba au Desemba, mavuno huwa Juni na Julai. Aliyejeruhiwa karibuni asisubiri msimu wowote. Huyo jirani na ndugu wamlimie kwa ujima, nao wenyeji wa huku wanajua kulima shamba la mgonjwa. Lakini wale wenye michaniko mikubwa ya zamani, wanaohitaji utando wa paja, wanaweza kupangiwa Julai mazao yakiwa ghalani, ili kipindi kigumu cha kombeo kiangukie kiangazi. Atakayefanyiwa mwanzoni mwa Julai huwa anakaribia kuruhusiwa kazi nzito Desemba, wakati wa kupanda. Kwa hesabu hiyo orodha ya wagonjwa inapaswa kuwa imekamilika Mei, ultrasaundi zimefanyika Aprili, na matabibu wa zahanati wameshafundishwa lile jaribio la mkono ifikapo Machi.